Inafanana na Nini? Historia ya Kupiga Picha za Familia Ndani ya Nyumba

Kwa Kiganda, lugha yangu ya kwanza, picha huitwa ekifaananyi, yaani kitu kinachofanana na kingine. Anayejua Kiswahili ataona mara moja kwamba mzizi ni uleule wa kitenzi kufanana. Tendo lenyewe tunaliita okukuba ekifaananyi, na okukuba ni kupiga. Kwa hiyo Mganda na Mswahili wote wawili wanapiga picha. Tofauti ni kwamba Mswahili ameazima neno picha kutoka Kiingereza na sisi tumebaki na la kwetu. Tangu nianze kusoma historia chuoni hapa Kampala, neno hili limenifanya nijiulize: picha ya familia inafanana na nini hasa? Inafanana na watu waliokaa mbele ya kamera, au inafanana na mwanga, vifaa na fedha zilizokuwapo siku hiyo?

Katika insha hii nitajaribu kujibu swali hilo kwa kufuata historia ya picha za familia zinazopigwa ndani. Nasema ndani kwa makusudi. Picha ya nje, chini ya mwembe au mbele ya kanisa, ni rahisi kwa sababu jua linamfanyia mpiga picha nusu ya kazi. Ndani ya nyumba kuna kivuli, kuta na madirisha madogo. Hoja yangu ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja familia nyingi za Afrika Mashariki hazikuweza kupigwa picha ndani ya nyumba zao wenyewe. Zililazimika kwenda kuazima sebule ya mtu mwingine, ambayo tunaiita studio. Kuazima huko kulileta uzuri mwingi, lakini pia kuliamua ni nani angeonekana na nani angebaki gizani.

Tatizo la mwanga

Tuanze na jambo la kawaida. Macho yetu yanatudanganya kuhusu mwanga. Tukiingia ndani kutoka nje, baada ya muda mfupi tunaona vizuri na tunadhani chumba kina mwanga wa kutosha. Kamera haidanganyiki. Jua la mchana linaweza kufikia takriban luksi 100,000, ilhali chumba cha kawaida chenye dirisha moja kinaweza kuwa na luksi 100 hadi 300 tu. Maana yake ni kwamba ndani ya nyumba mwanga unaweza kuwa pungufu mara mia kadhaa. Ili kufidia upungufu huo, mpiga picha ana njia tatu: kuacha lenzi wazi kwa muda mrefu, kupanua tundu la lenzi, au kutumia filamu inayohisi mwanga upesi.

Kila njia ina gharama, na familia ndiyo inayoilipa. Lenzi ikiachwa wazi kwa muda mrefu, mtoto atatikisika na uso wake utakuwa kama moshi. Tundu likipanuliwa, baba aliyekaa mbele ataonekana vizuri lakini shangazi aliyesimama nyuma atafifia, kwa sababu tundu pana linapunguza kina cha sehemu inayoonekana sawasawa. Filamu ya upesi nayo ina chembechembe kubwa zinazoharibu ulaini wa nyuso. Mtu mmoja akipigwa picha ndani, hesabu ni nyepesi. Watu kumi wa vizazi vitatu, katika mistari miwili, ni hesabu ngumu.

Wapiga picha wa kwanza Ulaya na Marekani walikutana na tatizo hili mapema. Njia ya Louis Daguerre ilipotangazwa Paris mwezi Agosti 1839, picha moja ilihitaji dakika kadhaa za mwanga. Studio za kwanza za picha za watu, zilizofunguliwa New York mwaka 1840 na London mwaka 1841, zilihitaji mwanga mwingi, na kwa miongo iliyofuata studio nyingi zilijengwa ghorofa ya juu kabisa zikiwa na paa la vioo. Wateja waliwekewa vyuma nyuma ya shingo ili vichwa visitikisike. Tukiziona picha hizo leo tunasema watu wa zamani walikuwa wakali, hawacheki. Ukweli ni kwamba hakuna anayeweza kutabasamu bila kutikisika huku akiwa amebanwa na chuma kisogoni.

Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesi uliowaka kwa mwako mkali. Sasa mtu aliweza kubeba mwanga wake mwenyewe na kuingia nao ndani ya nyumba yoyote. Miongoni mwa waliouchangamkia upesi alikuwa Jacob Riis, mwandishi wa habari za polisi jijini New York, ambaye aliingia usiku katika vyumba vya wahamiaji maskini na kuwapiga picha. Kitabu chake cha mwaka 1890 kilisaidia kubadilisha sheria za nyumba za jiji hilo. Hata hivyo, wengi wa watu wale walishtushwa tu na mwako. Hawakujipanga, hawakuvaa, hawakualika mtu. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo tofauti kati ya picha ya watu waliokutwa ndani na picha ya familia. Familia huamua yenyewe kupigwa picha: huchagua siku, huvaa, na kupanga nani akae wapi.

Studio kama sebule ya kuazima

Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, studio zilifika katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi. Unguja kulikuwa na studio ya A. C. Gomes, Mgoa, na baadaye ile ya Coutinho, pia kutoka Goa. Studio hizi zilifanya kazi za aina mbili. Kwa upande mmoja zilipiga picha za matajiri, maofisa na familia zilizoweza kulipa. Kwa upande mwingine zilitengeneza postikadi za kuwauzia wageni, zenye watu wasiotajwa majina, wakiandikiwa chini kabila lao au kazi yao tu. Mtu aliyelipa aliondoka na sura yake. Mtu wa postikadi aliondokewa na sura yake, ikasafirishwa Ulaya kwa stempu. Studio ni ileile na pengine mwanga ni uleule, ila haki ya anayeonekana si moja.

Hapa Uganda jina la Gomes linajulikana kwa sababu nyingine. Vazi la heshima la wanawake wa Buganda, gomesi, limepewa jina la fundi cherehani wa Kigoa aliyelishona mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Nimelitaja kwa sababu vazi hilo limo katika karibu kila picha ya familia ya Kiganda niliyowahi kuiona, na nitalirudia nikifika katika suala la filamu.

Karne ya 20 ilileta studio nyingi zaidi. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa, N. V. Parekh alifungua yake mwaka 1942, na kwa miongo kadhaa Waafrika, Waarabu na Wahindi wa mji ule walikaa mbele ya taa zake wakajipanga kama nyota wa filamu za Bombay. Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifunza kazi mwenyewe, alijulikana kwa kukata picha na kuziunganisha upya, ili mtu aonekane mahali ambapo hakuwahi kufika.

Mfano unaojulikana zaidi duniani uko mbali na kwetu, lakini unaeleza vizuri maana ya sebule ya kuazima. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, na aliifanya kazi hiyo hadi mwaka 1962 alipochukuliwa kuwa mpiga picha wa serikali. Wateja wengi aliwapiga uani kwa mwanga wa jua, lakini nyuma yao alitundika kitambaa. Kwa miaka kadhaa kitambaa hicho kilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani lenye nyuzinyuzi pembeni. Alikuwa na saa za mkononi, kalamu, redio na nguo za kizungu za kuwaazimisha wateja. Kwa hiyo ndani ya picha zake ni ndani ya kutengenezwa. Uwanja wa nje uligeuzwa chumba, na chumba hicho kikawa bora kuliko nyumba halisi ya mteja.

Wasomi wengine huwacheka watu wa zamani kwa kujipamba na vitu visivyo vyao. Mimi siwacheki. Mtu anayeazima saa kwa ajili ya picha anamwambia mjukuu wake wa baadaye: hivi ndivyo nilivyotaka unione. Hilo nalo ni ushahidi wa kihistoria, maana linatuonyesha matarajio ya watu, jambo ambalo mafaili ya serikali ya kikoloni hayakuandika.

Uganda: taa, umeme na kufukuzwa kwa Waasia

Kamera ilifika Buganda mapema. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alimpiga picha Kabaka Mutesa I pamoja na wakuu wake, na mchoro uliotokana na picha hiyo ukaingia katika kitabu chake. Hiyo ilikuwa picha ya dola. Picha za watu wa kawaida zilikuja baadaye, na mara nyingi zilipigwa na Waafrika wenyewe. Katika eneo la Ankole, kwa mfano, Musa Katuramu, aliyekuwa seremala na mwalimu, alipiga picha za watu wake tangu miaka ya 1930. Hasi zake zilitunzwa na familia, na zimenakiliwa na mradi wa History in Progress Uganda ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens pamoja na Canon Rumanzi. Mradi huo ulitoa mfululizo wa vitabu na kuuita kwa neno letu lilelile: Ebifananyi.

Mwaka 1954 bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa Jinja. Umeme ulipoenea mijini, mpiga picha hakuhitaji tena kungoja jua litokee. Aliweza kuweka taa mbili au tatu: moja kubwa ya kuangaza nyuso, moja dogo ya kupunguza vivuli, na moja ya nyuma ya kutenganisha vichwa na pazia. Lakini umeme uliishia mjini. Familia ya kijijini iliendelea kusafiri ikiwa na nguo za picha katika mfuko, na kuzivaa ikifika.

Halafu ukaja mwezi Agosti 1972, Idi Amin alipowatangazia Waasia kwamba wana siku 90 za kuondoka nchini. Maduka mengi ya Kampala, Jinja, Mbale na Masaka yalibaki bila wenyewe, zikiwamo studio. Katika kuandaa insha hii nilimtembelea mpiga picha mmoja mstaafu wa Masaka, mzee wa zaidi ya miaka 70. Aliniambia kwamba alianza kazi akiwa kijana wa kufagia na kuchanganya dawa katika chumba cha giza cha studio ya Mhindi. Tajiri wake alipoondoka, yeye alibaki na ujuzi bila vifaa. Karatasi za picha ziliadimika, na dawa zikapatikana kwa magendo.

Kwa hiyo alijifunza kupiga picha za ndani bila taa, na maelezo yake ni somo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote. Kwanza, alifungua mlango wa mbele na kuizima taa ya balbu, kwa sababu mwanga wa juu hutia vivuli machoni. Pili, aliikalisha familia ikiutazama mlango kwa mshazari. Kamwe hakuipa mlango mgongo. Tatu, upande wenye giza alitundika shuka jeupe la kurudisha mwanga kwenye mashavu. Nne, alipima mwanga kwa kutazama mgongo wa mkono wa mama wa nyumba, si nguo yake wala ukuta. Alisema kwamba anayepima ukuta atapata picha nzuri ya ukuta.

Filamu ya rangi na ngozi nyeusi

Maneno hayo kuhusu ukuta yana historia ndefu nyuma yake. Filamu za rangi zilipoenea, maabara za kusafishia picha zilihitaji kipimo cha kujua kama rangi zimetoka sawa. Kampuni ya Kodak ilisambaza kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley kwa jina la mfanyakazi wa kwanza aliyepigwa. Ngozi ya mwanamke huyo ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa iko sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, katika makala yake ya mwaka 2009, anaeleza matokeo yake: filamu na mashine zilirekebishwa kwa ngozi nyeupe, na watu weusi wakatoka bila umbo, meno na macho tu yakionekana. Roth anaeleza pia kwamba miongoni mwa waliolalamika hadi kampuni ikachukua hatua walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao rangi za kahawia za bidhaa zao hazikutofautiana vizuri katika matangazo. Wazazi weusi walikuwa wameona tatizo hilo miaka mingi kabla, katika picha za watoto wao wa shule.

Nje, kwenye jua, kasoro hiyo ilipungua kwa sababu mwanga ulikuwa mwingi. Ndani ilizidi maradufu. Filamu ina uwezo wenye mipaka wa kubeba tofauti kati ya sehemu angavu na sehemu nyeusi. Mwanga ukiwa hafifu, gomesi jeupe na uso mweusi haviwezi kutendewa haki pamoja. Lazima kimoja kitolewe kafara.

Naweza kutoa ushahidi kutoka kwetu. Bibi mzaa baba alifariki mwaka 1991 kwa ugonjwa ambao watu wa Masaka na Rakai waliuita silimu. Rakai ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Uganda walikotambuliwa mwaka 1982, na vijiji vyetu vilizika watu kila juma. Baba yangu alikuwa na miaka 5. Imebaki picha moja tu ya mama yake, ya rangi, iliyopigwa ndani ya studio mwaka 1989. Babu amevaa kanzu na koti, shangazi yangu amesimama kando yake akiwa na sare ya shule, baba amepakatwa. Bibi amevaa gomesi jeupe lenye mshipi unaong'aa. Kila mkunjo wa gomesi unaonekana. Unaweza kuhesabu vifungo. Uso wa aliyelivaa ni kivuli.

Baba yangu amekua akiujua mshipi wa mama yake kuliko macho yake. Ndugu zetu husema kwamba mimi nafanana na bibi, na kila wanaposema hivyo baba hunitazama kwa namna ya pekee, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika. Picha yenyewe haiwezi kumsaidia. Ekifaananyi kimeshindwa kazi ambayo jina lake linakidai, yaani kufanana.

Mwaka jana niliinakili picha hiyo kwa skana na kuongeza mwanga wa sehemu za giza kwenye kompyuta. Uso haukurudi, lakini ulijitokeza ukingo wa shavu na hereni moja ndogo. Nilimpelekea shangazi. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hereni zile zilikuwa za jirani, ziliazimwa asubuhi ya siku hiyo, na kwamba mama yake alizikumbuka jioni, baada ya chakula, akamtuma yeye azirudishe mbio kabla ya usiku. Baba hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Hivyo mstari mdogo wa mwanga ulifungua mlango ambao maswali yangu mengi hayakuwa yameweza kuufungua.

Bibi hakuwa peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, akina mama wa Uganda waliokuwa wakiishi na virusi, kupitia chama cha NACWOLA, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wetu ni upi, ulizaliwa wapi, ulipenda kula nini. Katika vitabu hivyo walibandika picha za familia. Walijua kwamba mtoto yatima ataulizwa siku moja yeye ni wa nani, na kwamba atahitaji kitu cha kuonyesha.

Gulu: miili isiyo na nyuso

Kaskazini mwa nchi kuna historia ambayo ni kama kinyume cha picha ya bibi. Katika mji wa Gulu kuna studio iitwayo Gulu Real Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1973. Mwitaliano Martina Bacigalupo, mpiga picha, alikuta hapo mabaki ya picha za ndani: watu wamekaa kwenye kiti mbele ya pazia, wengine wakiwa na mtoto mapajani, lakini mahali pa uso pana tundu la mraba. Mwaka 2013 mkusanyiko huo ulitolewa kitabu.

Sababu ilikuwa ya kibiashara. Mashine ya picha ndogo za vitambulisho ilitoa nakala nne kwa pamoja, na mteja aliyehitaji moja tu aliona gharama ni kubwa. Ilikuwa nafuu kumpiga picha ya kawaida ya mwili mzima na kukata uso peke yake. Waliokuja walikuwa watu wa nchi iliyotoka katika vita vya miaka 20 kati ya serikali na waasi wa LRA. Walihitaji uso kwa ajili ya kitambulisho, mkopo, kazi au shirika la misaada. Koti la heshima liliazimwa studio. Mikono, magoti, viatu na mtoto aliyeletwa kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia vilibaki sakafuni.

Nikiziweka kando kwa kando, picha ya Masaka na mabaki ya Gulu, naona kitu kimoja. Masaka familia ilibaki na mwili, uso ukapotea kwa sababu ya filamu na mwanga. Gulu uso ulikwenda ofisini, mwili ukatupwa kwa sababu ya bei na mahitaji ya ofisi. Katika hali zote mbili kulikuwa na kipimo kilichowekwa na watu wa mbali ambao hawakuwajua waliokaa kwenye kiti.

Kurudi sebuleni

Leo studio nyingi zimegeuka kuwa maduka ya kutoa nakala na kuuza vocha za simu. Picha ya familia imerudi nyumbani, kwa sababu nyumba nyingi zina simu yenye kamera. Simu hupiga picha kadhaa kwa haraka na kuziunganisha kuwa moja, hivyo hupunguza tatizo la mwanga wa ndani. Hata suala la ngozi limeanza kushughulikiwa waziwazi. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba imerekebisha kamera za simu zake ili zionyeshe ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi. Imechukua zaidi ya miaka 180 tangu Daguerre.

Lakini sebule ina kanuni zake, na simu haizijui. Desemba iliyopita ukoo wetu ulikusanyika kwa babu mdogo, watu 17. Nilitumia maelekezo ya yule mzee wa Masaka. Nilizima balbu, nikafungua mlango, nikatundika shuka upande wa kabati. Wazee walikaa katika mstari wa mbele, wasichana wakapiga magoti, wanaume wakasimama nyuma. Nilipima mwanga kwenye mgongo wa mkono wa shangazi. Watoto walilalamika kwamba nachelewa, kwamba simu ingemaliza kazi kwa sekunde moja. Shangazi aliwaambia watulie, kwa kuwa kuna watu katika ukoo huu ambao hawakupigwa kwa uangalifu.

Nilichapisha nakala 4 katika karatasi, nikaandika majina yote nyuma kwa kalamu ya risasi, kwa mpangilio wa mistari, pamoja na tarehe na kijiji. Simu huibwa, huanguka majini, husahauliwa neno la siri. Karatasi nayo huliwa na mchwa, lakini mchwa hawawezi kula nyumba nne kwa siku moja.

Hitimisho

Nilianza kwa kuuliza picha ya familia inafanana na nini. Jibu langu ni kwamba inafanana kwanza na mazingira ya kupigwa kwake: paa la vioo la London, shuka la Keïta, taa za Parekh, kadi ya Shirley, mashine ya nakala nne. Familia huingia katika mazingira hayo ikiwa na nguo zake bora na vitu vya kuazima, na kuomba ionekane. Wakati mwingine inaonekana. Wakati mwingine gomesi ndilo linaloonekana.

Kwa wanafunzi wenzangu wa historia katika nchi zetu, nina pendekezo moja. Tunapenda kukimbilia hifadhi za nyaraka za Kampala, Nairobi na Zanzibar, na ni vizuri. Lakini chini ya vitanda vya wazee wetu kuna masanduku ya picha ambayo hakuna karani aliyeyaorodhesha. Tuyafungue tukiwa na wenye picha, wakiwa hai, na tuulize maswali madogo: taa ilikuwa upande gani, koti lilikuwa la nani, nani hayupo na kwa nini. Majibu tuyaandike kwa lugha wanazozungumza, kisha kwa Kiswahili, ili Mganda, Mnyarwanda, Mkongo na Mtanzania wasomeane. Shangazi yangu ana umri wa kutosha kuukumbuka uso wa mama yake. Wiki hii nimeanza kumrekodi akiueleza: paji la uso, nafasi kati ya meno ya mbele, jinsi alivyokunja jicho moja akicheka. Tumefika kwenye kidevu.